Makoti Manne Mlimani

Alhamisi, 9 Mei
Msimamizi wa stoo anastaafu. Nafasi ni yangu. Miaka kumi na moja nawagawia wajenzi wa madaraja misumari, kamba na makoti ya mvua, na haijapotea hata nati moja. Lakini leo nimemkuta Mluzi, mwenzangu wa meza ya pili, akicheka na Mkurugenzi kwenye korido. Anacheka! Mtu anayepiga mluzi hata msibani! Hasira hasara, husema watu ambao hawajafanya kazi na Mluzi.

Karani wa masjala kaninong'oneza kwamba kila Jumamosi Mkurugenzi hupanda ile milima ya nje ya jiji. Basi nami nitapanda. Tutakutana kwa bahati, saa tano na robo.

Nimemwambia mke wangu ni mapumziko yetu wawili. Amenitazama kama aliyeona kuku anaogelea. Kisha akatabasamu. Tabasamu hilo sijaliona tangu harusi.

Ijumaa, 10 Mei
Wawili tumekuwa watatu. Gari ni la shemeji, na shemeji haazimishi gari bila kujiazimisha na yeye. Nimechukua makoti manne ya mvua stoo. Sikuiba! Nimeyaandika kwenye daftari la kutolea vifaa, na daftari nakwenda nalo. Matatu yetu. La nne la Mkurugenzi, mvua ikimkuta. Aone mwenyewe nani anajua kujiandaa.

Nimemtaka shemeji asaini koti lake. Akauliza kama na chai ya dada yake huwa naisainia. Mke akacheka mpaka akakaa chini. Sioni cha kuchekesha.

Jumamosi, 11 Mei
Gari limechemsha kona ya tatu. Shemeji analaumu uzito wa daftari. Saa tano na robo imenikuta nasukuma! Juu, ukungu, kisha mvua. Tukajibanza kwenye kibanda cha wapandaji.

Saa saba akaingia mtu, kajiviringisha taulo kichwani, yamebaki macho na pua. Meno yanagongana, hata sauti haieleweki. Akaliona koti la nne, akaliomba. Nikamwambia lina mwenyewe, mtu mkubwa. Mke akanifinya: mpe, baba, huyo ni binadamu! Nikakubali, ila kwa saini. Akalalamika vidole vimekufa ganzi. Nikamjibu kwangu mimi hata Mkurugenzi hapewi kitu bila saini.

Akaichukua kalamu. Akasaini.

Uso sikuutambua. Saini niliitambua. Naiona kila siku chini ya kila fomu, ina mkia kama wa mjusi.

Akaligeuza koti, akasoma jina la kampuni mgongoni. Akauliza, kwa upole wa kutisha, makoti ya wajenzi yamefuata daraja gani huku. Na nje, ndani ya ukungu, mtu anapiga mluzi! Kabeba begi la Mkurugenzi!

Jumapili, 12 Mei
Jua tangu asubuhi. Mlima kunikejeli tu! Mke aliniita nje ya nyumba ya wageni tuliyolala huku juu nikatazame, jiji zima liko chini kama kete zilizomwagwa. Nilikuwa kwenye barua ya kujieleza, rasimu ya tatu. Akauliza taratibu kama tulikuja kwa ajili yake au kwa ajili ya yule bwana wa taulo. Nikamjibu kwa ukweli: wote wawili. Akaenda kutazama na kaka yake. Hilo nalo ni kosa la Mluzi.

Jumatatu, 13 Mei
Mluzi ndiye msimamizi. Mkurugenzi kasema daftari ndilo limeniokoa nisifukuzwe, kwa sababu mwizi haandiki. Mluzi kanisainisha kurudisha makoti, moja moja. Huku akipiga mluzi!

Nimekaa nikachambua kosa. Ni moja tu: ukungu. Karani anasema Jumamosi ijayo Mkurugenzi anakwenda ziwani. Ziwani mtu humwona mwenzake toka mbali. Nimemwambia mke wangu safari hii ni ya wawili kweli. Kaninunia, lakini hakukataa.

Stoo tuna majaketi manne ya kuokolea maisha. Nimeshayaandika.