Malalamiko Kuhusu Alama Sita za Kisa cha Nne

Jumanne, tarehe 14 Oktoba. Miaka thelathini na saba, miezi miwili na siku tisa tangu niondoke nyumbani.

Kwa Mkuu wa Idara ya Usimamizi na Utatuzi wa Migogoro,

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba lile dirisha la ofisi yako lisilofungika limeshapata fundi. Mimi ni mwanafunzi wako wa shahada ya uzamili, mwaka wa kwanza, mwenye umri wa miaka sitini na tisa. Hukaa mstari wa mbele kwa sababu ya masikio, si kwa sababu ya bidii. Kabla ya kustaafu nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu, kwa hiyo utaniwia radhi nikiandika kwa mpangilio.

Nalalamikia matokeo yangu ya somo la Chimbuko la Migogoro. Swali la tatu lilitutaka tueleze chanzo cha mgogoro katika Kisa cha Nne. Kisa cha Nne, kama ujuavyo, ni makala ya kurasa kumi na moja kuhusu bonde lenye vijiji viwili, cha juu na cha chini, vilivyogombania mfereji mmoja wa maji mpaka vikachomeana nyumba. Mimi ni mzaliwa wa kijiji cha juu. Nyumba yetu iliungua. Nimepata alama sita kati ya ishirini.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Niliandika kwamba watu wa chini ndio walioanza, kwa kuja na mapanga kuvunja kingo za mfereji. Mhadhiri ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hakuna ushahidi. Soma ukurasa wa tano." Ukurasa wa tano unadai kwamba sisi wa juu tulikuwa tumeweka lango la mbao kwenye mfereji na kulitia kufuli kwa siku tisa, katikati ya kiangazi, kabla mtu yeyote hajashika panga. Nilimfuata ofisini. Alisimama, akanipa kiti chake. "Shikamoo mzee wangu," alisema, "lakini kumbukumbu si rejea." Mhadhiri huyu alikaa bondeni wiki mbili. Mimi nilizaliwa huko. Naomba idara itamke rasmi ni muda upi mrefu zaidi.

2. Ramani ya ukurasa wa pili ina kisanduku cha maelezo ya alama, kwenye kona ya juu kushoto. Kisanduku hicho kimekaa juu ya nyumba yetu. Hivyo nyumba yetu imeondolewa mara mbili, na mara ya pili bila hata moshi.

3. Katika zoezi la kuigiza mazungumzo ya amani, nafasi ya mkimbizi alipewa mwenzangu ambaye ni askari magereza, maana aliwahi kunyoosha mkono. Alilia vizuri sana, akapata kumi na nane. Mzunguko wa pili nikawa mkimbizi mimi. Nilikaa kimya nikitazama meza. Mhadhiri alinishauri niongeze hisia, na mama mmoja mwenye duka la dawa akasema, "Babu, jamani, hata kuunguliwa nyumba huwezi kuigiza?" Darasa likacheka, nami nikacheka. Nilipata tisa.

4. Vita ile yote ilifundishwa kwa dakika arobaini, ikiwamo mapumziko ya chai. Sina ugomvi na chai.

5. Kanuni zenu zinadai mahudhurio ya asilimia sabini na tano. Mimi nimeuhudhuria mgogoro huu kwa miaka thelathini na saba bila kukosa siku hata moja. Kwa hiyo naomba nihesabiwe kuwa nimehitimu. Shahada ya uzamivu itatosha. Aidha, wahitimu wote waliofaulu swali hili tangu makala ilipoanza kutumika waitwe, wanyang'anywe vyeti, na migogoro waliyokwisha kuisuluhisha irudishwe katika hali yake ya awali mpaka uchunguzi ukamilike.

6. Kanuni ya kumi na mbili inasema anayepata chini ya alama kumi katika swali la Kisa hurudia kwa kazi ya uwandani. Basi la idara litaondoka mwezi ujao kwenda bondeni, siku sita, na jina langu limebandikwa ubaoni, la kwanza kabisa. Nimetakiwa kuwahoji wazee wa kijiji cha chini na kuwasikiliza kwa moyo mweupe. Ndugu Mkuu, watu hao ndio walionitoa kwetu. Niliapa kwamba nitarudi siku watakapokuja kuniomba radhi, na mpaka leo hakuna aliyekuja, ingawa sijahama nyumba tangu mwaka wa tatu wa ugenini. Nikiongezewa alama nne tu, nafaulu, na hakuna haja ya kupanda basi hilo. Nimesoma mikataba ya amani iliyodai makubwa zaidi.

Nisalimie katibu muhtasi wako, mkutubi anayeninong'oneza kwa sauti ninayoisikia, wanadarasa wenzangu, hasa askari, na mhadhiri mwenyewe, kijana mwenye adabu kuliko alama zake.

Wako katika kutafuta suluhu,
Mwanafunzi wa mstari wa mbele

Baada ya sahihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimpigia simu dada yangu mkubwa, ambaye hakuondoka bondeni, ili anipe ushahidi. Nilimwuliza kuhusu lile lango. Alicheka. "Lango? Si baba ndiye aliyelichonga? Na ufunguo alikuwa akiutundika shingoni." Nikamwambia sikuwahi kuliona. "Ungelionaje? Wewe ulikuwa mjini kwenye kazi yako. Ulikuja Ijumaa jioni, kumbe walikuwa wamelivunja asubuhi. Ulikuta mapanga tu, mdogo wangu. Hukuwaona watoto wa chini wanavyokuja na vidumu, baba anawafukuza." Nikamwuliza mbona hakuniambia miaka yote hii. Alisema sikuwahi kuuliza. Kila nilipopiga simu, mimi ndiye niliyekuwa nikieleza.

Nimeusoma tena ukurasa wa tano kwa jicho la kazi yangu ya zamani. Nimekuta kosa moja: dada anasema zilikuwa siku kumi. Mhadhiri arekebishe.

Alama sita zibaki sita. Aliyezitoa alikuwa mkarimu. Wazee wa kijiji cha chini wasisumbuliwe kwa ajili yangu. Jina langu lifutwe kwenye orodha ya basi, na kiti apewe mwingine. Dada aliuliza kama sasa nitakuja. Nimemjibu, na nawaandikia ninyi pia: sitarudi.