Dozi ya Mheshimiwa Kimeu

Ilitangazwa rasmi katika hospitali ya Mbumbuni kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mgonjwa atakayepewa dawa ya usingizi bila umma kushirikishwa. Mheshimiwa Kimeu, mwenyekiti wa Kamati Teule ya Usingizi, alilisoma tangazo mara mbili kwa sababu lilimpendeza.

Wa kwanza kunufaika alikuwa Ng'ang'a, muuza nyanya wa Kambu, aliyelazwa mahututi kwenye mashine ya kupumulia. Figo zake zilikuwa zimegoma, na dawa iliyomlaza ilihitaji figo ili itoke mwilini. Ikawa inarundikana tu. Daktari Naila aliisimamisha, akaomba kumpa nyingine isiyotegemea figo sana. Kamati ilimtaka angoje maoni ya umma, yakiwemo ya Ng'ang'a.

"Hawezi kuongea, Mheshimiwa."

"Basi tutaandika kwamba bado anatafakari."

Rahab, mke wa mgonjwa, alikuwa kando ya kitanda akiomba kimyakimya.

"Mama, tuko pamoja katika maombi," Kimeu akamwambia.

"Mungu nimeshamwambia, Mheshimiwa. Nimebakisha wewe."

Maneno hayo yalimgusa Kimeu. Wakati huo huo dawa ya zamani ilianza kuisha nguvu, na Ng'ang'a akaanza kuhangaika na kuvuta mipira ya mashine. Kimeu, ambaye hakuwahi kukosa la kufanya mbele ya watu, alitoa hotuba yake kuhusu Dira ya Kaunti ya Mapumziko Endelevu. Kufikia ukurasa wa pili mgonjwa alikuwa ametulia tuli. Kimeu akanyamaza anywe maji. Ng'ang'a akafumbua macho. Kimeu akaendelea; macho yakajifumba.

"Ajabu," alisema Naila. "Inalaza haraka, haigusi figo, na ikikatika hakuna kinachobaki kichwani."

Tangu aingie katika siasa, Kimeu hakuwa amesifiwa kwa ufasaha namna hiyo.

"Iandikishwe kama dawa," akaagiza. "Leo hii."

Naila aliandika azimio papo hapo. Dawa za usingizi zitachaguliwa na daktari kwa kuangalia figo za mgonjwa. Hotuba ya Mwenyekiti ni mojawapo; itatolewa wodini tu, kwa idhini ya daktari, kwa aliye kwenye mashine. Kimeu aliona jina lake, akatia sahihi. Rahab akasema amina, na Ng'ang'a akabadilishiwa dawa kabla kamati haijamaliza chai.

Wiki kadhaa baadaye, kwenye mkutano wa hadhara wa Kasikeu, Kimeu alisimama kuhutubia. Naibu wake, aliyekuwa akiitamani maikrofoni hiyo tangu uchaguzi, akasoma azimio kwa sauti: wodini tu, kwa idhini ya daktari.

"Daktari," Kimeu akamsihi Naila, "si uniidhinishie kidogo tu?"

Naila aliwageukia watu. "Kuna anayehitaji kulazwa?"

Ng'ang'a alikuwa amekaa mstari wa mbele na Rahab, fimbo mkononi.

"Mimi nimelala ya kutosha," akasema.