Bunda la Heshima

Alhamisi, 1 Agosti 2024. Siakago.

Kwako shajara, rafiki usiyenikatiza, salamu nyingi na heshima zote. Natumai mchwa hawajazifikia kurasa zako. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Uniwie radhi kwa kunyamaza tangu Pasaka. Sababu zilikuwepo. Zote dhaifu.

Sasa jambo lenyewe. Kundi la watembeaji la kanisa letu litakwenda Kianjai kwa miguu. Kutoka Siakago hadi Tigania! Kupitia Ishiara na nchi ya Tharaka. Njia yangu! Njia niliyoipita peke yangu baada ya kumzika mke wangu Nelius, nikiwa nimefunga tai. Wakati ule walisema Mwalimu Kithaka amevurugwa na msiba. Leo wanasema ni afya, ni burudani, ni picha. Sina kinyongo.

Ninacho.

Wanatafuta mwongoza njia wa kudumu, mtu wa kuwashauri wasafiri wote watakaofuata. Nani mwingine? Nimerekodi ujumbe wa sauti kwa ajili ya kundi. Nimewasalimu kina mama, kina baba, vijana, na wagonjwa walioshindwa kufika Jumapili. Nimeomba radhi kwa ukwaruzo wa sauti yangu. Simu ikazimika kabla sijafika kwenye shauri la soksi.

Bwana Mutugi, naye wa kundi letu, ametuma picha ya viatu vyake vipya. Vya rangi ya chungwa. Kundi zima limempigia makofi. Kwa viatu!

Jumamosi, 3 Agosti.

Mkutano nyuma ya kanisa. Mwenyekiti wetu, Bi. Ruguru, anayeuza dawa za mifugo na kuzungumza na watu kana kwamba wamechelewa kuogeshwa dawa ya kupe, alinipa nafasi. Akaomba nisalimu kwa kupunga mkono tu, watu wana njaa. Nikapunga mkono. Iliniuma.

Nikatoa mashauri. Vaa soksi mbili, nyembamba ndani, nzito nje. Paka kisigino mafuta ya nyonyo kabla hakijalia, si baada. Msalimu mtu kwanza, maji yaombwe baadaye. Na usimwamini mwenyeji wa Tharaka akikwambia unakokwenda ni hapo tu. Hasemi uongo, anakuhurumia. Ukisikia "hapo tu", keti, kula, ndipo uendelee.

Walicheka. Wengine waliandika! Nikaona ndio wakati wa kuwaeleza kwa nini niliitembea njia ile, na yaliyonipata kule chuoni Kaaga. Mutugi akakohoa. Akasema simu yake ina ramani yenye njia zote, tena ramani haina matanga. Wakacheka zaidi. Nikainama. Adabu ni mzigo, na haina mpini.

Nikaongeza shauri la mwisho: mgeni haingii nyumba ya watu mikono mitupu. Kanisa limetupatia mwenyeji Kianjai, Mzee Kiunga. Huko zawadi ya heshima ni miraa. Niliambiwa hivyo miaka mingi iliyopita na mwalimu mwenzangu aliyetoka Tigania. Mimi sitafuni. Shuleni kwetu misheni, wazungu waliiweka miraa mlango wa pili kutoka jehanamu. Lakini adabu ya mwenyeji hufuatwa. Mtu mmoja akapendekeza tubebe muguka, ile miraa ya bei rahisi ya huku, umejaa mashambani. Muguka! Kwa mzee wa Tigania! Ni kumpelekea askofu kofia iliyotumika.

Nilitarajia Mutugi anipinge. Alikuwa karani mjini Maua, jirani na Tigania, kwa miaka mingi, anawajua watu wale. Hakupinga. Aliuliza tu kama bunda litafungwa kwa majani ya ndizi. Nikasema bila shaka. Akasema vizuri sana, na kwamba nilitoe mimi mwenyewe, kwa mikono yote miwili, kwa baba mwenye boma. Mara ya kwanza tumekubaliana tangu tufahamiane. Niliguswa.

Bi. Ruguru ameamua: atakayewafaa watu njiani zaidi ndiye atakuwa mwongoza njia. Ni mimi au Mutugi.

Jumanne, 6 Agosti. Ishiara.

Tumeondoka alfajiri. Niliombwa niombee safari. Nilipofumbua macho walikuwa wameshaondoka. Nikawakuta mbele, Mutugi akiwaongoza kwa viatu vyake kama taa ya barabarani.

Jioni hii vijana wana malengelenge. Mimi sina hata moja. Soksi mbili! Nimepitapita mbele yao bila viatu ili waone. Waliendelea kutoboa malengelenge yao. Bi. Ruguru amemshukuru Mutugi kwa kutupitisha penye kivuli. Kivuli ni cha Mungu.

Ijumaa, 9 Agosti. Marimanti.

Siku ya haki!

Asubuhi ramani ya Mutugi ilituelekeza kwenye daraja la miguu juu ya kijito fulani. Mimi nilijua lilikwishachukuliwa na mafuriko. Nikamkaribia Mutugi ili nimwonye. Nilianza kwa kuisifu nia yake njema, nikagusia juhudi zake, nikaomba radhi kwa kuingilia. Nilipofika kwenye neno "daraja" tulikuwa tumefika darajani. Halikuwepo. Kamba mbili na kunguru.

Mutugi akaeleza kwamba ramani ni sahihi, daraja ndilo lililokosea. Bi. Ruguru akamwambia aiweke ramani mfukoni, na yeye mwenyewe akae nyuma. Kisha akasema, haya Mwalimu, tupeleke.

Nikawapeleka! Kwa njia ya mbuzi, kupitia miiba, hadi kivukoni. Tukamkuta bibi kizee akipepeta mawele. Nikamsalimu vyema, nikamuuliza Marimanti iko mbali kiasi gani. Akanyoosha kidole akasema hapo tu. Nikageuka nikawaamuru wote waketi na kula. Wakaketi! Kundi zima! Tukatembea mpaka jua likachoka. Mmoja wao alikuja kunipa mkono, akasema bila kile chakula angezikwa Tharaka.

Hilo tu ndilo nililolitaka. Mtu atembee vizuri kidogo kwa sababu mimi nilitembea vibaya.

Baada ya chakula nilianza tena kuwaeleza habari za Kaaga. Walilala kabla sijamaliza salamu.

Jumatatu, 12 Agosti. Kianjai.

Tumefika! Miguu yote ipo.

Nilitangulia sokoni kutafuta miraa. Mwuzaji aliniuliza kama nataka ya kutafuna au ya heshima. Ya heshima, nikamjibu, tena iliyo bora kabisa. Akazitazama mvi zangu. Akaitazama tai. Akauliza kama naipeleka kwa niaba ya mtu. Nikamwambia la, naipeleka mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Akamwita jirani yake aje anione. Wote wawili wakanipa mkono na kuniombea baraka. Watu wenye adabu namna hii! Bunda likafungwa kwa majani ya ndizi na kukazwa kwa ukambaa, nadhifu kama mtoto wa kubatizwa.

Bomani kwa Mzee Kiunga tulipokewa vizuri. Binti yake, Gatwiri, mwanamke wa makamo ambaye hakuolewa na ana duka lake la nafaka, alituletea karai la maji ya chumvi. Akanikanda miguu. Nikasimama, nikamkabidhi Mzee Kiunga bunda kwa mikono miwili, nikashukuru kwa nyumba yake na vyote vilivyomo.

Mzee akalitazama bunda. Akanitazama mimi. Akamtazama Gatwiri. Akaliingiza ndani bila kulifungua, kisha akatuma mtu awaite ndugu zake.

Wazee wakaja mmoja mmoja na bakora zao, wakaketi mbele yangu. Wakaniomba niseme. Nimetoka wapi, na ni jambo gani limenifanya nishike njia ndefu hivi katika umri wangu.

Hatimaye! Hakuna aliyekohoa.

Nikasimulia yote. Kwamba Nelius alisomea ualimu Kaaga akiwa msichana, na maisha yake yote alitamani kupaona tena, ugonjwa ukamfunga. Kwamba nilipomaliza kumzika nilikwenda kwa niaba yake, na tai ileile shingoni. Kwamba nilipofika, mlinzi langoni aliniuliza nimekuja kumtembelea mwanafunzi gani. Nikamtajia Nelius. Akaenda kuuliza ndani, akarudi, akaniomba msamaha, akasema hayupo. Nikamwambia najua. Nikasimama hapo kidogo. Nikarudi nyumbani.

Nikawaeleza pia kuhusu soksi.

Mzee mmoja alijifuta jicho kwa ncha ya koti. Mzee Kiunga akainuka, akasema mtu aliyetembea hivyo kwa ajili ya mke aliyekufa atatembea zaidi kwa ajili ya aliye hai. Bunda limepokewa. Sasa, kama ilivyo desturi, wanangojea asali, ndipo watu wakae wazungumze.

Nikamshukuru kwa niaba ya wasafiri wote waliopo na wajao. Shangwe! Mutugi akaanguka kutoka kwenye kigoda. Nilidhani ni jua.

Jumanne, 13 Agosti. Garini, na laiti nisingefika Kianjai.

Asubuhi Bi. Ruguru aliniita kando ya zizi. Gatwiri alimweleza jikoni. Katika nchi hii, bunda la namna ile, likipelekwa na mwanamume kwa baba mwenye binti, ni posa.

Nimeposa! Mimi! Mbele ya mashahidi, katika tai niliyomzikia Nelius!

Na Mutugi alijua. Miaka yote ile Maua! Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliogopa kunikatiza.

Gatwiri alileta chai. Nilishindwa kuinua macho. Akaniambia hivi, naandika alivyosema: "Mzee, mimi nilikukanda miguu na chumvi. Sikuwa naosha bwana harusi. Mtu anatembea hivyo yote, anafika, na bado hajui amekuja kufanya nini?" Nikaanza kumwomba radhi. Nilikuwa nimefika kwenye pole za msiba wa marehemu mama yake alipokwenda kufungua duka. Akageuka mlangoni akasema nilichofunga nikifungue mwenyewe kwa baba yake, yeye hatumwi.

Nikamtafuta Mzee Kiunga. Alikuwa ameondoka mapema, kwenda kuwaarifu jamaa zake wa mbali. Gari la kuturudisha likapiga honi. Tukaondoka.

Hayo si yote. Mutugi alinirekodi jana. Ameituma video katika kundi. Nelius hayumo. Lango la Kaaga halimo. Kuna asali tu, na mimi nikishukuru kwa niaba ya wasafiri wajao. Juu yake ameandika: Mwongoza njia, hadi kwa mkwe. Imekwishafika Embu mjini. Imefika Runyenjes.

Bi. Ruguru ametangaza garini kwamba mwongoza njia wa kudumu ni Mutugi. Alinitazama kwa huruma. Alisema wasafiri wanahitaji mtu wa kuwachangamsha. Aliyewapeleka kwenye daraja lisilokuwepo! Nikawa wa kwanza kumpongeza. Nilimpongeza kirefu. Mkono wake ulikuwa na jasho la kicheko.

Jumamosi, 17 Agosti. Siakago.

Kundi la watembeaji kutoka Embu limeuliza leo kama boma la Mzee Kiunga lingali wazi kwa wageni. Hakuna aliyewajibu. Mlango ule ukifungwa kwa sababu yangu, njia yangu imekufa. Viatu vya chungwa vinaweza kuongoza watu. Boma la watu haviwezi kulifungua. Lazima niombe radhi, na radhi ya mzee kwa mzee haiendi mikono mitupu.

Nimetafakari kwa makini, kama tulivyofundishwa misheni, hoja baada ya hoja. Kosa lilikuwa miraa. Wazungu walisema italeta balaa, nami nikajifanya mjuzi. Kwa hiyo si miraa tena. Kamwe! Nimejifunza. Je, ni nini basi? Nikakumbuka. Mzee Kiunga mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya ndugu zake wote, alisema wanangojea asali. Maskini! Katika fedheha ile yote tulimsahau mzee mwenye hamu ya asali. Na sisi Wambeere tuna nini kuliko asali? Kitu alichokitaja mtu mwenyewe hakiwezi kumuudhi.

Jirani yangu Nthiga amenipa ile nyeusi, ya mizinga iliyo kule mtoni. Nimeichuja kwa kitambaa cheupe, nikaitia kwenye kibuyu, nikaufunga mdomo wake kwa jani la ndizi. Kwa heshima.

Kisha barua. Nimemsalimu Mzee Kiunga, ndugu zake, mifugo yake na binti yake Gatwiri kwa jina, kwa kuwa alinikanda miguu. Nimeomba radhi kwa kuchelewa. Salamu zikaujaza ukurasa, nami sikupenda kumchosha kwa ukurasa wa pili. Kwa hiyo lile jambo la bunda nimelibana katika mstari mmoja chini: kwamba aipokee asali hii, nayo itamweleza yote niliyokusudia.

Kibuyu na barua vitabebwa na Bwana Mutugi. Alikuja mbio kujitolea mara aliposikia! Kesho ataondoka, hataki hata shukrani, ameomba tu aruhusiwe kuwepo wakati kibuyu kinafunguliwa. Nilimhukumu vibaya. Nimemwomba radhi, naye machozi yalimtoka.

Nimemsihi aseme waziwazi, mbele ya wazee wote, kwamba asali hii haitoki kwa kundi. Imetoka kwangu mimi binafsi. Ili safari hii pasiwe na kutoelewana kokote.