Mashauri kwa Wanaosafiri na Mtoto, Yaliyojaribiwa na Mimi Mwenyewe

Jumatatu, 9 Septemba

Mke wangu ameondoka asubuhi. Anakwenda kumuuguza mama yake aliyepasuliwa goti. Wodini hawaruhusu watoto, kwa hiyo binti yetu wa miezi kumi amebaki na mimi. Jumamosi, mama mkwe akisharudi kwake kutoka hospitali, nampeleka mtoto huko kwa treni, mwendo wa saa saba. Mimi na yeye tu.

Wazo ni langu. Lilinitoka katikati ya ugomvi, ndiyo maana silifurahii sana. Nilisema kulea mtoto ni suala la mpango tu, na kwamba watu wanahangaika kwa kukosa utaratibu. Mke wangu aliweka mwiko chini, akanitazama. Akasema haya, kama ni mpango, mlete. Nikimfikisha ameshiba, mkavu na ametulia, Jumapili tunarudi nyumbani wote watatu. Nikishindwa, yeye na mtoto wanabaki kwa mama yake mpaka mtoto aanze shule.

Mpaka aanze shule! Hayo si maneno yake. Hayo yametoka kitandani kwa mama mkwe, pamoja na goti lake.

Sina wasiwasi. Mimi ni karani wa mizigo stesheni, mwaka wa kumi na moja huu. Sijapoteza hata kifurushi kimoja. (Ile cherehani ilipatikana.) Mtoto ana kilo nane na nusu, nimempima leo kwenye mizani ya ofisi. Nimewahi kusafirisha kinanda.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeamua kuandika mashauri kadiri ninavyoyagundua. Hakuna aliyewahi kuifanya kazi hii kwa akili. Shauri la kwanza: andika orodha. Yangu ina vitu thelathini na moja.

Muhuri ameiona orodha mezani akacheka. Muhuri ndiye msimamizi wa behewa la mizigo, jina tumempa kwa sababu ya kugonga mihuri kama anaua mende. Ana watoto wanne na anadhani hilo ni cheti. Akanishauri bila kuombwa: mkoba mmoja begani, maziwa mahali mkono unapofika, nguo za kubadilisha za mtoto na zangu pia. Nikamuuliza zangu za nini. Akasema nitajua.

Wivu mtupu. Hajanisamehe ile habari ya vifaranga. Mwaka jana alifungua kasha lililofungwa uzi na kutiwa lakiri, ile nta ya muhuri, njiani, ati vifaranga wana kiu. Nikaripoti. Akapewa barua ya onyo, nami nikaandika kanuni kwa mkono wangu na kuibandika ukutani kwenye behewa lake: mzigo uliotiwa lakiri haufunguliwi na mtu yeyote kabla ya mwisho wa safari, isipokuwa na mpokeaji aliyeandikwa. Nikatia sahihi. Kanuni nzuri. Kila akiinua macho anaiona.

Alhamisi, 12 Septemba

Jaribio la safari, sebuleni. Nimepanga viti viwili viwili kama behewa. Dada yangu, ambaye hushinda na mtoto nikiwa kazini, nimemkalisha kiti cha nyuma awe abiria. Nimeketi na binti yangu dirishani, nikatikisa miguu kuiga mwendo wa treni. Mtoto akalala baada ya dakika kumi. Dakika kumi! Dada akasema mtoto huyu hulala saa hii kila siku, hata bila treni. Nikamwambia abiria hawaongei na dereva. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Shauri la sita: mtoto asipewe kijiko. Kijiko kilirushwa mara kumi na nne.

Tatizo moja. Mkoba wenye vitu thelathini na moja una kilo kumi na mbili. Ongeza mtoto. Mtu mwenye mikono miwili hawezi kubeba vyote na kubaki na heshima yake. Nimekaa nalo jioni nzima, kisha jibu likaja lenyewe, likanisisimua mwili. Mimi ni nani? Karani wa mizigo! Mkoba utasafiri kama mzigo, treni ile ile, bure kwa mfanyakazi. Nitautia lakiri usichezewe na vidole vya Muhuri. Mpokeaji: mke wangu. Utafika msafi, umepangika, na yeye mwenyewe ataufungua mbele ya watu na kuona nilivyopanga.

Mkononi nitabaki na mtoto, gazeti, nepi moja na chupa moja ya maziwa. Nimepiga hesabu. Mtoto akinywa maziwa kabla ya kuondoka, chupa moja inatosha, na inabaki robo.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika ukumbini kwa mama mkwe. Wengine wako chumbani na mlango umefungwa. Nitaandika yote kama yalivyotokea, ili siku moja nipate haki yangu.

Saa ya kwanza: safi kabisa. Mtoto alichungulia dirishani, akawachekea abiria. Mwanamke mmoja mshonaji, aliyeketi mbele yetu, akanisifu kwamba wanaume wa namna yangu ni wachache. Nikakubali.

Saa ya pili: chupa imekwisha. Yote, na ile robo. Kisha nusu yake ikarudi, juu ya shati langu.

Saa ya tatu: nepi. Nikabadilisha, nikaweka ile moja. Baada ya robo saa, tena. Sitaeleza. Abiria wa pembeni alihama bila kuaga.

Saa ya nne treni ikasimama katikati ya pori kupisha treni ya mafuta, na ikaendelea kusimama. Mtoto akaanza kulia. Najua kilio chake cha usingizi na kilio chake cha hasira. Hiki kilikuwa cha njaa, na kila alipovuta pumzi alinitazama machoni, kana kwamba ni mimi niliyeyaficha maziwa. Behewa zima likanigeukia. Mshonaji akaniuliza mkoba wa mtoto uko wapi. Nikasema uko salama.

Nikamfunga mtoto kwa gazeti na shati langu, nikavaa koti bila shati, nikavuka mabehewa manne mpaka kwa Muhuri. Alikuwa anakula ndizi. Mkoba wangu ulikuwa rafu ya juu, lakiri nyekundu inang'aa. Ndani mna chupa sita na nepi ishirini! Nikamwambia anipe ule mkoba mara moja. Akafuta mikono, akasoma kanuni ukutani polepole mpaka kwenye sahihi yangu. Akauliza mpokeaji ni nani. Nikasema mke wangu. Akauliza yumo humu ndani?

Hapo mtoto akapiga ukelele. Muhuri akaacha mzaha, nakiri. Alimshika kiganja, akasema amepata moto kwa kulia. Akaniambia basi, bwana, sema tu neno moja, sema kanuni hii ni ya kijinga, mimi naukata uzi huu sasa hivi na barua nyingine ya onyo nitaila mwenyewe.

Neno moja.

Nilifungua kinywa. Nikafikiria Jumatatu ofisini, vijembe vyake, makarani wote wakinirudishia sahihi yangu. Nikasema kanuni ni kanuni. Nikageuka na mtoto wangu nikarudi mabehewa manne.

Mshonaji alichana kitambaa chake kipya akamfunga kama nepi. Mzee mmoja akatoa uji kwenye chupa ya chai, mshonaji akamnywesha kwa kifuniko. Mtoto akanyamaza kwenye mapaja yake. Nilipomtaka, akanigeuzia mgongo.

Tukafika baada ya mwendo wa saa tisa, badala ya saba. Mke wangu alikuwa kwenye jukwaa. Alimpokea mtoto kwanza, akamnusa, akamkumbatia, kisha akaniangalia na kifua changu wazi. Muhuri akateremsha mkoba, akamwomba mke wangu asaini. Akasaini. Akakata lakiri. Vyote vilikuwemo, vimepangika vizuri ajabu. Hakusifu. Aliuliza tu mkoba ulikuwa treni gani. Muhuri akasema treni hii hii, shemeji.

Jumapili, 15 Septemba

Nimerudi peke yangu. Muhuri alikuwa amemsimulia yote, nikafikiri mke wangu angepiga kelele. Hakupiga. Alisema treni huchelewa na maziwa humwagika, hilo angelisamehe siku hiyo hiyo. Lakini maziwa yalikuwa mabehewa manne nyuma, na mimi nikaona heri mtoto alie kuliko nionekane mjinga. Hilo, akasema, hajui aliweke wapi. Mama mkwe alijipapasa goti tu. Ningependa angesema.

Nyumbani nimekuta nepi kwenye kamba, zimekauka tangu Ijumaa. Nimezikunja zote, nikazipanga kwa ukubwa, ingawa ukubwa wake ni mmoja. Nyumba imenyamaza vibaya. Roho inaniuma, na hakuna orodha inayosaidia.

Muhuri ndiye wa kulaumiwa.

Jumatano, 18 Septemba

Mke wangu amepiga simu! Binti yangu amesimama mwenyewe, ameshika ukingo wa kitanda cha bibi yake. Amesimama bila mimi. Nikajifanya nakohoa.

Kisha sauti yake ikalegea. Jumamosi alasiri anampeleka mama yake kliniki, hana wa kumwachia mtoto. Akasema njoo. Usilete kitu. Usilete mkoba wala orodha wala mashauri, kila kitu kipo hapa. Njoo wewe, mikono mitupu, ukae na mwanao mpaka jioni, nami nikirudi nikukute umekaa naye. Tukiona mambo ni mazuri, tutazungumza habari ya kurudi. Akaongeza kwamba mara ya pili hii ndiyo ya mwisho, kwa hiyo nisikose.

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo mara tatu. Nimeimba bafuni.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimelitafakari. Anaposema usilete kitu, ananipima. Mwanamke hawezi kumaanisha jambo kama hilo. Kwenda mikono mitupu maana yake ni mikono isiwe na kitu, nami nimeelewa vizuri kabisa.

Nimegundua pia kosa la safari iliyopita. Mkoba ulikuwa mmoja! Na ulikwenda siku ile ile! Shauri la ishirini na mbili: mizigo itangulie kwa siku moja.

Nimenunua masanduku mawili ya bati.

Ijumaa, 20 Septemba

Masanduku yameondoka na treni ya leo asubuhi. Mpokeaji: mke wangu. Lakiri mbili kila moja. Muhuri aliyapokea, kisha akaniuliza taratibu kama nina hakika nimebaki na kila ninachohitaji. Nikamwambia agonge muhuri wake aniache.

Treni ya kesho imejaa, watu wanarudishwa dirishani tangu jana. Mimi sina shaka. Kiti changu nilikinunua mapema, na cha mwisho kilikuwa hicho. Kesho alfajiri naingia stesheni mikono mitupu, kama mke wangu alivyotaka. Sina mkoba, sina gazeti. Hata tiketi nimeitia kwenye sanduku la kwanza, juu kabisa, ndani ya bahasha, isije ikapotea.