Mwenyekiti Hatoki Nje

Jumatatu, 3 Machi

Kuna namna hapa. Dada wa Mfuko wa Wanawake amekuja kwenye uwanja wetu wa kufulia, akakaa juu ya beseni lililopinduliwa kama mtu wa kawaida, akasema pesa zipo, na watakaoamua ziende wapi ni sisi wenyewe tunaoziomba. Kila kikundi kitoe mwakilishi, wakae chumba kimoja, wasikilizane, waamue. Nikamuuliza tangu lini mwenye pesa akamwachia mwombaji uamuzi. Akacheka, akasema anayejua shida ni mwenye shida. Ukiona kobe kainama, jua anatunga sheria.

Lakini shida yetu ni ya kweli. Mvua zikianza hatuna pa kuanika. Mwaka jana mashuka ya nyumba ya wageni yaliota ukungu na mteja yule akahama. Wengine wakamfuata. Tukikosa banda safari hii, udobi wetu umekwisha, na mimi nitabaki mwenyekiti wa kamba tupu.

Wanachama wamenichagua niende. Hakuna aliyepinga. Hata hilo limenitia wasiwasi.

Jumanne, 4 Machi

Wasusi nao wanaomba. Mwakilishi wao: wifi yangu! Dada wa mume wangu, yule yule aliyesema siku ya harusi yangu kwamba gauni linanibana. (Lilikuwa linanibana. Hakupaswa kusema.) Wanataka chumba cha kuwaweka watoto wao wakiwa kazini.

Nimeanza kazi mapema. Asubuhi nimempitia fundi seremala, mama mwenye sauti kama msumeno, anayewakilisha mafundi wenzake wa kike. Nikamwambia atuunge mkono, nasi tutamuunga mkono. Akasema hakuna haja ya kupatana, ombi letu amelisoma na amelipenda. Mtu anayekubali kabla hajabembelezwa ni wa kuogopwa. Nimemtoa kwenye hesabu zangu.

Baba Watoto ameniuliza ni nyoka gani aliyeniuma hata nikashtuka kila nionapo ung'ongo. Bila shaka ametumwa na dada yake.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao. Ukumbi mdogo, viti vya plastiki vimepangwa mduara ili asiwepo wa kukaa mbele. Nilichagua kiti cha karibu na mlango, nione nani anamkonyeza nani.

Ndipo utaratibu ukasomwa. Ombi la kikundi likifika, mwakilishi wake anatoka nje, wengine wanajadili kwa uhuru. Nilijua tu! Seremala akatoka, akarudi. Wifi akatoka, nami nikapata nafasi ya kusema kwamba watoto wengi chumba kimoja huambukizana mafua. Dada wa Mfuko akanishukuru, akasema basi waongeze dirisha. Nimewasaidia bila kutaka.

Zamu yetu ikafika. Sikutoka. Nikasema mguu unaniuma. Dada wa Mfuko akasema ombi haliwezi kujadiliwa na mwenyewe akiwepo, acha lingoje mwisho. Mwisho ukafika. Mguu ulikuwa bado unauma. Akasema kwa upole kwamba kikao kikifungwa bila kulijadili, ombi limeanguka. Hapo nikauona mtego wote. Nikitoka, wananisema. Nisipotoka, wananinyima. Nikaona afadhali kunyimwa huku naona.

Wifi akaanza kunimiminia chai. Kikombe kikipungua anajaza, huku akiniita wifi yangu kipenzi. Cha kwanza nilikinusa. Chai tupu, tena ya bure. Nikanywa. Akajaza. Nikanywa. Baadaye mguu ukapona ghafla na nikakimbilia chooni.

Niliporudi walikuwa kimya wote, wananitazama kwa tabasamu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Dada wa Mfuko akafunga kikao, nikarudi nyumbani kwa huzuni. Nimemwambia Baba Watoto kwamba ukoo wake umenimaliza.

Ijumaa, 7 Machi

Tumepata banda! Paa la mabati angavu, kamba mpya, nguzo za chuma. Wasusi wamepata chumba. Mafundi wameambiwa wangoje awamu ijayo.

Nilikwenda kwa seremala kuchunguza. Amesema nilipotoka tu, wifi alisimama. Akawaeleza kwamba mvua zile za mwaka jana alikuja kwangu akakuta mashuka ya wageni yametandazwa kwenye vitanda vya wanangu ili yakauke, na wanangu wamelala sakafuni, nami nikamkataza asimwambie mtu. Akasema mtu kama huyo hanyimwi banda kwa sababu ya ukaidi wake. Seremala mwenyewe alituunga mkono, huku akijua kwamba zamu yao huenda ikarukwa.

Nilikaa kwenye rundo la mbao. Kusema kweli, nililia kidogo.

Kisha nikajiuliza maswali. Siku ile wifi alifuata nini kwangu? Kwa nini aingie hadi chumbani? Na siri niliyomwambia aitunze imefikaje kwenye kikao? Nilikwenda kwake jioni nikamwonya asiniingilie tena mambo ya kikundi changu. Akanikaribisha chai. Nilikataa.

Jumapili, 9 Machi

Habari ya mguu imewafikia wanachama. Wameitisha mkutano chumba cha pasi. Ajenda moja: mwenyekiti. Mtunza sabuni, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kukunja mashati, akaniomba kwa adabu zote nitoke nje kidogo, wao wajadili kwa uhuru. Eti ndiyo njia nzuri waliyojifunza kwa Mfuko.

Nikawaambia mguu umerudi.

Wakaniomba tena. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Wakatazamana, wakapumua, kisha kila mmoja akabeba kigoda chake na kutoka. Wote. Wamekaa uwanjani chini ya kamba, na mimi nimebaki humu na pasi, naandika haya.

Dirisha liko juu, siwezi kuona. Nawasikia wakizungumza, mmoja mmoja, kwa zamu. Sasa wanapiga makofi. Kuna anayepiga vigelegele, na sauti ya mtunza sabuni inashukuru watu.

Waache wapige makofi. Wamekubali kwamba hawawezi kunitoa.