Gari la Baba Linachemsha

Jumapili, 3 Agosti

Leo nimelitoa gari la marehemu baba kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Miezi kumi na minne bandani! Limewaka kwa jaribio la tatu, kwa kikohozi, lakini limewaka. Nimeshuka nalo mteremko wa shule, salama kabisa. Kupanda, limechemsha. Mshale wa joto umefika mwisho ukakaa huko kama mgeni asiyejua kuaga. Chini ya boneti, mpira wa chini wa rejeta, ule unaopitisha maji kwenda kwenye injini, umepasuka, maji yanadondoka.

Mke wangu anasema nimwite kaka yake. Kaka yake ni fundi magari, ana karakana na wateja wanaosubiri zamu kwenye benchi. Nimekataa. Siku ya mazishi ya baba, shemeji huyo alilizunguka gari, akasema kwa upole kwamba heri liuzwe kwa mtu atakayelitunza. Anadhani sikusikia. Nilisikia.

Mama anapasuliwa jicho keshokutwa, kuondoa mtoto wa jicho. Jumamosi anatoka hospitali. Miaka minne ameishi ndani ya ukungu. Ameomba jambo moja tu: arudi nyumbani kwa gari la baba, akae kwenye kiti chake cha mbele. Nimemwahidi.

Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa ishirini na sita huu. Kutafuta kilichopotea ndiyo kazi yangu. Gari litanishindaje?

Jumatatu, 4 Agosti

Nimenunua mpira mpya. Kuutoa ule wa zamani kumenichuna vidole vitatu. Ndani yake nimekuta springi ndefu yenye kutu, imejikunja mwanzo hadi mwisho wa mpira. Nimeduwaa. Nadhani baba aliisukumia humo uzeeni, akili zilipoanza kumpotea. Ndiyo iliyokuwa ikizuia maji, bila shaka! Nimempa mnunua vyuma chakavu aliyekuwa akipita.

Mpira mpya haudondoshi hata tone. Nimeliacha gari likinguruma uani nusu saa nzima. Mshale katikati, umetulia. Nimemwita mke wangu aje ashuhudie. Ameshuhudia, kisha akauliza kama nimelitembeza. Kuna watu hawawezi kupokea habari njema ikiwa nzima, lazima waimege.

Jumatano, 6 Agosti

Mama amepasuliwa jana, mambo yamekwenda vizuri. Nimemkuta na jicho limefungwa. Ameniuliza hali ya gari kabla ya hali yangu. Nimemjibu limepona.

Baada ya kazi nimelipeleka barabara kuu. Mwendo wa pole, sawa. Nikakanyaga mafuta kulipita lori la mchanga, mshale ukapanda. Nikasimama, ukashuka wenyewe. Nikaondoka, ukapanda. Kitu gani hiki kinachougua kikifanya kazi na kupona kikipumzika? Ofisini nawajua wa namna hiyo, lakini gari!

Nimeamua ni themostati, kile kidude kinachofungulia maji yapite injini ikipata joto. Nimekitoa kabisa. Nyumba isiyo na mlango haifungwi. Nimelirudisha barabarani. Mvuke.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo ni zamu ya rejeta. Nimeiosha kwa siki, chupa mbili. Umetoka uji wa kutu wa kutosha kumtia mtu matumaini. Mke wangu amezitafuta chupa zake jikoni huku na huko. Nimemsaidia kuzitafuta.

Jioni shemeji akafika, ati kumjulia hali dada yake. Kuna mtu amepeleka maneno, na mtu huyo nalala naye chumba kimoja. Alisimama mikono nyuma, hakugusa kitu. Akauliza swali moja: gari linachemsha likiwa limesimama au likiwa linakimbia?

Nilijua papo hapo kwamba swali hilo ndilo lenyewe. Nikimpa jibu la kweli, atalitibu, na Jumamosi sifa zote zitakuwa zake. Nikasema likisimama.

Akakunja uso. Akakagua feni, maana gari likisimama hupozwa na feni peke yake. Akabonyeza mkanda wake kwa kidole gumba. Akaweka karatasi mbele ya rejeta aone kama feni inaivuta. Inaivuta vizuri tu. Alibaki amesimama, anajikuna kisogo. Miaka kumi na mmoja namfahamu, sijapata kumwona amekwama. Nilimchemshia chai kwa mikono yangu mwenyewe.

Alipoaga alinisihi nisimpandishe mama humo mpaka tatizo lijulikane. Nikamwambia nitalifikiria. Sijalifikiria.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata mpango! Nitafungulia hita hadi mwisho. Hita hulivuta joto la injini na kulileta kwa abiria, kwa hiyo injini inapumua. Kisha madumu manne ya maji kwenye buti, yamefunikwa blanketi ili mama asiyaone. Nimecheka kidogo nilipoandika hilo, halafu nikakumbuka kwamba kuanzia kesho ataona. Nimeongeza blanketi la pili.

Mwendo utakuwa wa kunyata. Nani atalaumu? Ni heshima kwa mgonjwa.

Nimelijaribu hadi sokoni na kurudi. Halikuchemsha. Nimechemka mimi, shati limelowa hadi mkandani.

Mke wangu ameyaona mablanketi. Ameyafunua, ameyatazama madumu, ameyafunika tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika usiku, mama amekwisha lala.

Mama alitoka saa nne asubuhi, bandeji imeondolewa, amevaa miwani myeusi. Alisimama mbele ya gari. Akaivua miwani kinyume na maagizo ya daktari. Akapitisha kiganja juu ya boneti, kutoka taa hii hadi ile. Akasema limekuwa dogo. Kisha akalia kidogo, bila sauti. Mke wangu alimshika bega. Mimi nilijifanya nakagua tairi.

Akairudisha miwani, tukaondoka, mama mbele, mke wangu nyuma. Hita inaunguruma. Mama aliuliza mara mbili kama jua la siku hizi limezidi ukali. Nilimjibu kwamba naam, mambo yamebadilika sana.

Kilichoniponza ni basi. Lilikuja nyuma yetu likipiga honi, na mimi nina moyo mdogo mbele ya honi. Nikaongeza mwendo. Tulipoanza kuupanda mlima wa tangi la maji, mvuke ukafumuka kutoka kwenye boneti, kioo cha mbele kikawa cheupe chote. Nikavuta kando nikazima.

Mama hakusogea. Alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Akasema taratibu sana:

"Mwanangu, ukungu umerudi."

Niandike ukweli, maana hapa hakuna mwingine atakayesoma. Kwa muda wa pumzi mbili nilifikiri kumwacha aamini hivyo. Ningeshuka, ningetia maji, mvuke ungekwisha, jicho lingepona, na gari lingebaki na heshima yake. Pumzi mbili. Kisha nikaona machozi yakitoka chini ya miwani. Kwenye kioo cha ndani, mke wangu alikuwa akinitazama.

"Si jicho, mama," nikasema. "Ni gari. Linachemsha. Limechemsha wiki nzima."

Alishusha pumzi, mabega yakashuka pamoja nayo. Akasema afadhali. Akafungua mlango mwenyewe, akashuka, akasimama mbali kidogo kuutazama mvuke ukipanda. Aliutazama mpaka ukaisha wote, kama mtu aliyeletewa zawadi.

Shemeji alifika baada ya dakika kumi. Nashuku alipigiwa simu tangu tukiwa langoni mwa hospitali. Akamwamkia mama, shikamoo. Mama akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku, akasema miaka minne amemjua kwa kikohozi tu, kumbe ana mvi. Jitu zima lile, likaona haya.

Nilinyoosha mkono kufungua mfuniko wa rejeta. Akaudaka. Alisema yale maji yangenivua ngozi ya uso. Tulisubiri. Lilipopoa akajaza maji, kutoka kwenye madumu yangu, lazima niseme. Akamwomba dada yake akae kwenye usukani, awashe, akanyage mafuta. Mimi akanisimamisha karibu naye, akanielekeza kwa kidole.

Ule mpira wa chini, mpira wangu mpya, ulikuwa ukinyonywa kwa ndani mpaka ukabanana bapa, kama mashavu ya mtu anayevuta maji kwa mrija. Pampu ikivuta kwa nguvu, mpira unajifunga, maji hayapiti. Mafuta yakiachiwa, unajaa tena. Ndiyo maana likisimama linapona.

"Springi ya ndani, ya kuuzuia usibanane, iko wapi?" akauliza.

Nikamweleza. Hakucheka. Ningependelea acheke. Alitoa waya mgumu kwenye gari lake, akausokota juu ya mpini wa nyundo mpaka ukawa springi, akaufungua mpira, akautia ndani, akaufunga, akajaza maji upya. Alisema utatusogeza siku chache, ataleta wa kiwandani. Nikaona bora nimalize yote kwa siku moja. Nikamwambia kwamba hata jibu nililompa Alhamisi lilikuwa uongo.

Alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Shemeji," akasema, "siku ya mazishi nilisema liuzwe kwa mtu atakayelitunza. Nilitaka uniuzie mimi."

Nikaokota madumu matupu, nikayarudisha kwenye buti.

Mama, aliyekuwa akisikiliza yote, alisema baba hakujua lolote kuhusu magari. Hata mshale wa joto alikuwa hajui maana yake. Alichojua ni kuuliza. Tukampandisha, tukaupanda mlima, mshale katikati hadi nyumbani. Mama alisoma mabango yote ya njiani kwa sauti.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekuwa na wiki nzima ya kutafakari. Ukiliangalia jambo kwa haki, ugonjwa niliugundua mimi. Ulikuwa kwenye mpira wa chini, na mpira wa chini niliushika siku ya pili tu. Shemeji alimalizia. Simnyimi hilo.

Sasa breki zinalia. Kila nikisimama, linapiga yowe hadi majirani wanatoka nje. Shemeji amesema ataliangalia Jumanne, nisiguse kitu. Lakini Jumanne ni mbali. Nimevua gurudumu moja moja na kutumia akili ya kawaida: kinacholia ni kikavu. Nimezipaka breki mafuta ya kupikia, kwa brashi, pande zote mbili. Nimelisukuma uani huku na huko. Kimya kabisa!

Nimempigia shemeji kumwambia asisumbuke tena, kazi imekwisha, na nikamweleza nilivyofanya. Aliuliza breki yenye mafuta itashika nini. Kisha akasema nisilisogeze gari hata hatua moja, na funguo nimpe mke wangu, anakuja sasa hivi.

Wivu tu.