Nilivyomtegea Mwizi Nikamnasa Mratibu Wetu

Ndugu mafundi wa jukwaa hili, mchana wa leo nimevuliwa nguo mbele ya umati, na nguo zote nilikuwa nimevaa. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa mwingine. (Mtasikia tu. Aliyeshuhudia anawafahamu nyote kwa majina.)

Naitwa Damasi. Hamnijui. Ni fundi kompyuta wa mradi wa mbegu za mpunga hapa Ifakara, na nimo humu jukwaani tangu kabla ya masika. Sijawahi kuandika hata nukta. Asubuhi modemu inapiga simu Dar es Salaam, inalia kama paka aliyebanwa na mlango, inashusha barua zenu. Nasoma zote. Nafunga. Jioni hivyo hivyo.

Kwa nini siandiki? Kwa sababu nilikuwa siwaamini.

Hasa huyu Mratibu. Kila Jumatatu ujumbe wake ule ule: "Wenzetu mlio kimya, karibuni. Jitambulisheni. Mko wapi? Mna mashine ngapi? Za aina gani? Zinawekwa wapi? Mnasumbuliwa na nini?" Chini anaweka jina: F. Lipindi.

Sasa jiulizeni. Mtu hakujui, hujamkosea, anataka kujua una kompyuta ngapi na umeziweka wapi. Halafu anakubembeleza! Mwezi uliopita ofisi moja hapa mjini waliamka hawana printa. Haikujitembelea yenyewe ile.

Nikakaa kimya.

Wiki iliyopita mashine yetu kuu ikagoma kuwaka. Ndiyo yenye kumbukumbu za mashamba yote ya majaribio, kuanzia Kisawasawa hadi Mngeta, kazi ya misimu mitatu. Nakala niliweka kwenye disketi, na disketi zililiwa na ukungu. (Msiulize.) Meneja wangu, Bwana Shayo, anatakiwa kupeleka ripoti wiki ijayo. Kila akipita mlangoni kwangu ananiuliza, "Damasi, vipi?" Namjibu, "Naendelea na utafiti, mzee." Utafiti wenyewe ni kuiwasha na kuizima.

Ningewauliza ninyi, mngenijibu siku hiyo hiyo. Sikuuliza. Nikamtumie adui ramani ya nyumba?

Juzi ndipo ikaja barua kwangu peke yangu. "Ndugu Damasi, Jumatano nitapita Ifakara nikielekea kwetu Mahenge. Ningependa kukuona na kuziona mashine zako. Naomba unielekeze ofisi yenu ilipo na saa ambazo watu wapo. F. Lipindi."

Saa ambazo watu wapo! Na nani kamwambia niko Ifakara? (Mimi mwenyewe. Niliandika kwenye fomu ya kujiunga. Lakini juzi sikukumbuka hilo, nilikuwa nimeshika kazi ya kuogopa.)

Sikumjibu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Masanja, mlinzi wetu. Ni Msukuma, alikuja bonde hili na ng'ombe wake, akawalinda miaka mingi kabla ya kutulinda sisi. Nikamsomea barua yote. Akasikiliza, akatema mate pembeni.

"Fundi," akasema, "mwizi wa ng'ombe haji na kamba mkononi. Anakuja kuomba maji ya kunywa. Akinywa, anahesabu."

Basi! Nilichokuwa nakitilia shaka kikawa hakika.

Leo asubuhi na mapema tukajipanga. Kwanza, mashine zote mbili nilizibeba, nikaenda kuzificha ghalani nyuma ya magunia ya mbegu, juu nikatupia maturubai. Mezani nikaacha maboksi matupu, nikayafunika kwa vitambaa vile vya kuzuia vumbi, ukiyaona kwa mbali unasema kompyuta hizo. Pili, Mzee Masanja akapewa maelekezo: akija mwanaume wa Dar anayeuliza habari za kompyuta, amruhusu aingie, asimwonyeshe dalili yoyote. Nikipuliza filimbi, afunge geti, aje na rungu.

"Yukoje huyo?" akaniuliza.

"Mnene," nikasema. "Ana tumbo. Atakuwa na mkoba wa ngozi."

Nilijuaje? Sikujua. Maneno yake tu yalinionyesha tumbo.

Jumatano huwa ni siku ya kugawa mbegu, kwa hiyo kufikia saa sita uani palikuwa na akina mama kama ishirini wanasubiri zamu. Mimi nimekaa mlangoni na filimbi mfukoni, namkagua kila mwanaume anayepita. Karani wa stoo alipita na mkoba nikamfuata mpaka chooni. Akanitazama vibaya.

Hapo akaja mama mmoja. Wa makamo, kitenge kichwani, kikapu mkononi, vumbi jekundu la barabara ya Kidatu limempaka hadi kwenye nyusi. Nikaona huyu katoka Kiberege, kapanda gari la mzigo kufuata mbegu.

"Hodi hapa."

"Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Namtafuta Damasi."

"Ndiye mimi. Foleni ya mbegu iko kule, mama, lakini kaa kwanza upumzike. Leo hapa kuna kazi."

"Kazi gani?"

Jamani, ningenyamaza hapo, leo ningekuwa mtu mzima mwenye heshima zake. Lakini siku mbili nilikuwa nimekaa na siri, na huyu mama alikuwa na sura ya kusikiliza. Nikamsogezea kiti. Nikashusha sauti.

"Tunamsubiri mwizi."

"Mwizi!" Akaweka kikapu chini. "Anaiba nini?"

"Kompyuta. Katoka Dar. Ana kikundi chake cha barua, anajifanya mratibu. Kila wiki anawabembeleza mafundi waandike shida zao, eti wasaidiane. Bure! Umewahi kuona wapi, mama?"

"Mh. Na hao mafundi wanasaidiana kweli?"

"Sana! Hapo ndipo ujanja wake ulipo. Kile kirusi kilichotusumbua mwezi wa nne nilikitoa kwa maelekezo yao, hatua kwa hatua. Printa ilipokuwa inakula karatasi, nao hao hao. Meneja alinipa cheti cha mfanyakazi bora." Nikamwonyesha ukutani. Nimekitia fremu.

Akakiangalia kwa muda. "Uliwaambia asante?"

"Mama, mwizi anaambiwa asante?"

Akakohoa kidogo, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. (Nilidhani ni vumbi.)

"Na huyu mratibu ni mtu wa namna gani?"

"Mtu ovyo kabisa. Tumbo kubwa, maneno matamu, suti ya kuazima. Mtu wa hivyo ukimwambia una mashine mbili, kesho huna hata moja. Lakini leo kakutana na Damasi. Njoo nikuonyeshe."

Nilimpeleka mwenyewe. Kwa miguu yangu. Mtu nisiyemjua hata jina nikamfungulia ghala kwa ufunguo wangu, nikafunua maturubai, nikamwambia, "Tazama. Hata iliyogoma kuwaka nimeificha. Anaanzia wapi kuzipata hapa?"

Mama akainama. Akapitisha kidole juu ya ile mashine mbovu, akakitazama. Kimejaa pumba.

"Hii ndiyo iliyogoma kuwaka?"

"Ndiyo, mama."

"Ukiiwasha inalia mara ngapi?"

"Mara tatu. Piii, piii, pi..."

Nikakatika katikati. Mkulima wa Kiberege kajuaje kama zinalia?

Nikamtazama upya kuanzia miguuni. Viatu vya ngozi, vya mjini. Saa mkononi. Na kwenye kikapu, pembeni ya kitambaa, kimechomoza kitu cha chuma chenye mpini mwekundu. Bisibisi!

Akili yangu ikafanya kazi kwa kasi ambayo haijawahi kuwa nayo kazini. Kumbe mwizi hakuja mwenyewe! Katuma mwanamke amtangulie kupeleleza! Nami nimemleta mpaka ghalani!

Nikapuliza filimbi.

Nikaipuliza kwa nguvu zangu zote mpaka macho yakatoka machozi. Geti likafungwa, kwaaa. Mzee Masanja akaja mbio, rungu juu. Akina mama ishirini wakaacha foleni. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mwizi!" Mnajua neno hilo linavyofanya kazi. Kufumba na kufumbua mlango wa ghala umejaa watu, mmoja kashika mchi, sijui aliutoa wapi. Hapo nikaogopa kweli. Nilitaka mwizi akamatwe, sikutaka mtu apigwe. Nikasimama mbele yake nimetanua mikono, huku nikipiga kelele, "Asiguswe! Asiguswe! Huyu ni mtuhumiwa tu!"

Mzee Masanja akasimama katikati. Akamtazama mama. Akanitazama mimi.

"Fundi, huyu ndiye mwanaume mwenye tumbo?"

Kabla sijajibu, Bwana Shayo akapenya katikati ya watu, miwani imekaa upande.

"Kuna nini hapa?"

Yule mama hakutetemeka hata kidogo. Akachomoa kwenye kikapu karatasi iliyokunjwa, akamkabidhi meneja. Ilikuwa orodha ya wanachama wa jukwaa hili. Jina langu limepigiwa mstari.

"Naitwa Felista Lipindi," akasema. "Ndimi mratibu. Huyu kijana ni mwanachama wetu, basi tu hasemi. Nilipata hofu labda ana shida, nikaona nipite nimjulie hali."

Nikasikia pumba zinavyodondoka kutoka kwenye magunia.

Kisha mama mmoja kule nyuma akaanza. Kicheko chembamba, cha kujizuia. Wa pili akamfuata. Halafu ghala zima. Yule mwenye mchi alicheka mpaka akaukalia. Mzee Masanja hakucheka. Aliweka rungu begani, akasema taratibu, "Mimi niliambiwa tumbo," akarudi getini kwake.

Mnadhani yameishia hapo? Bado. Bwana Shayo akasema, "Mama, kijana wetu ni hodari. Hata cheti nilimpa, alitutolea kirusi."

Nikafumba macho. Mama Felista alikuwa na kila kitu mkononi. Angeweza kunimaliza.

"Nimekiona cheti," akajibu. "Kirusi kilitoka kweli. Kuna fundi wetu wa Mbeya alimsaidia kidogo."

Kidogo! Fundi wa Mbeya, ndugu yangu, kama unasoma hapa, naomba radhi. Cheti nimekitoa ukutani. Fremu ni yangu.

Tukazirudisha mashine mezani. Mama Felista akafungua kava la ile mbovu, akachungulia, akatikisa kichwa. Ndani punje za mpunga, makapi, na buibui mmoja aliyekwishahamia.

"Mwanangu," akasema, "mpaka jana ilikuwa na ugonjwa mmoja. Leo asubuhi umeiongezea wa pili."

Akapuliza pumba. Akachomoa memori, kibao chembamba cha ndani, akaomba raba ya kufutia penseli. Nikadhani ananitania. Akayasugua yale meno yake ya shaba taratibu mpaka yakang'aa, akairudisha, akabonyeza. Mlio mmoja tu. Ikawaka. Mashamba yote yakatokea, Kisawasawa hadi Mngeta, hakuna lililopotea.

Raba, ndugu zangu! Wiki nzima sipati usingizi, na raba ilikuwa kwenye droo yangu.

Nikashindwa kumtazama usoni. Nikasema, "Mama, nisamehe. Nilikuita mwizi."

"Wewe si wa kwanza," akasema. "Kuna wa Songea alidhani natafuta mchumba." Akanawa mikono, akakubali chai, akakataa chakula kwa sababu gari la kwenda kivukoni lilikuwa linapiga honi. Akiwa mlangoni akageuka. "Jukwaani tuko mafundi wengi, Damasi. Wanaoandika hatufiki kumi. Waliobaki wote wanakaa na shida zao kama wewe, kila mmoja na raba yake kwenye droo. Sitaki uniombe radhi. Andika."

Bwana Shayo akadakia, "Ataandika leo leo."

Ndiyo hivyo nimeandika. Amesimama nyuma ya kiti changu hadi sasa, anahakikisha sipunguzi kitu. Niko Ifakara, nina mashine mbili, ziko mezani, chumba cha pili kushoto. Shida yangu ni kushuku watu.

Nawaomba msinicheke. Na ukishindwa kujizuia, basi jitambulishe kwanza, useme uko wapi na una mashine ngapi, ndipo ucheke.